Minara Ipo, Haipokezani: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mitambo

Soni, Lushoto,
Mkoa wa Tanga.

Kwa Mkurugenzi wa Mitambo,
Kampuni ya simu ninayotumia laini yake.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SIMU KUKATIKA BARABARA YA MOMBO–LUSHOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa Noah ya abiria kati ya Mombo na Lushoto. Laini yako ninayo miaka mingi, ndiyo hiyohiyo inayojulikana na abiria wangu, wenye mizigo, wanangu na mama yangu mzazi. Jina la kampuni yako siliandiki hapa. Wewe unajijua, na malalamiko yangu unayo. Nimepiga huduma kwa wateja, nimekwenda dukani kwenu, nimeandika barua mbili za karatasi zikagongwa mhuri wa kupokelewa. Kila mara nilipewa namba ya tatizo, na kila mara baada ya siku mbili tatu uliingia ujumbe kwamba tatizo langu limeshughulikiwa. Halikushughulikiwa. Hakuna mtu aliyekuja barabarani, na kona zinazokata simu ni zilezile. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Kabla ya Noah nilikuwa dereva wa gari la vipimo, kwa mkandarasi aliyefanya kazi za makampuni ya simu. Nimeendesha gari hilo miaka sita, kutoka Tunduma mpaka Namanga. Mimi nilishika usukani. Nyuma yangu alikaa mhandisi na kompyuta mapajani, na simu nne zimefungwa kwenye fremu, zinapiga zenyewe na kukata zenyewe kutwa nzima, huku ramani ikijichora vidoto vya kijani, vya njano na vyekundu. Dereva ana masikio. Nilichokisikia na kukiuliza njiani kwa miaka hiyo ndicho ninachokiandika hapa. Nikikosea mahali, mhandisi wako anisahihishe mbele ya hawahawa wanaosoma.

Dai langu ni hili: sikuombi mnara mpya. Minara ipo. Nadai ipokezane.

Kwa msomaji ambaye si fundi, nieleze kidogo. Simu ya mtu aliyekaa nyumbani inahudumiwa na mnara mmoja, basi. Simu iliyo ndani ya gari hutoka mkononi mwa mnara huu ikaingia mkononi mwa mwingine, na wanaoongea hawatakiwi kusikia chochote, kama kwenye mbio za kupokezana vijiti ambapo hakuna anayesimama ili apokee. Mafundi wanaita hendova. Lakini kwenye 4G, simu ikiwa katikati ya maongezi haijihamishi yenyewe. Hupima nguvu ya mnara inaoutumia na nguvu ya majirani, hutuma ripoti kwa mnara wake, mnara huo huongea na jirani, kisha ndipo simu hupewa amri ya kuhama. Ripoti inapita kwa mnara wa zamani. Amri inatoka kwa mnara wa zamani. Mlima ukiufunika mnara wa zamani kabla amri haijatoka, jirani hata awe na nguvu kiasi gani hamsaidii mtu.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Maongezi yanakufa kwenye kona zilezile

Anayeijua barabara hii hahitaji kuelezwa. Mombo iko chini, kwenye tambarare ya mkonge. Lushoto iko juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Katikati yake ni kilomita 30 na ushee za lami nyembamba iliyobanwa kati ya mwamba na korongo, kona juu ya kona mpaka Soni kwenye maporomoko, halafu kona nyingine mpaka Lushoto. Ukiwa upande huu wa kona, mnara wa chini unaufikia vizuri. Ukimaliza kona, mlima mzima umesimama kati yako na huo mnara, na unaokutazama sasa ni mnara wa juu.

Nimeweka kwenye simu yangu programu inayoonyesha namba ya seli (yaani eneo linalohudumiwa na antena moja ya mnara) na nguvu ya mawimbi, na konda wangu anaandika kwenye daftari tunapopita. Nitoe mfano mmoja wa kupanda. Namba hizi husomeka hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kabla ya kona mnara wa chini unasomeka hasi 94, jirani wa juu hasi 101. Ndani ya kona wa chini unaporomoka mpaka hasi 119, jirani anapanda mpaka hasi 90. Hasi 90 ni mawimbi mazuri, mtu anaangalia video bila shida. Lakini maongezi yamekwisha kukatika. Sekunde chache baadaye simu inajishika kwa jirani yuleyule mwenye hasi 90, mistari ya mtandao inajaa, na abiria amebaki anasema “haloo, haloo” peke yake.

Hesabu yake ni nyepesi. Viwango vya 3GPP, muungano wa kimataifa unaoandika kanuni za kiufundi za mitandao ya simu, vinauruhusu mnara uiambie simu isubiri kidogo kabla ya kutuma ripoti, ili isihamehame kwa sababu ya kivuli cha mti au lori lililopita. Muda huo wa kusubiri mnauchagua ninyi, kuanzia sifuri mpaka milisekunde 5,120. Noah inayopanda kwa kilomita 30 kwa saa inakwenda mita 8.3 kila sekunde. Mkiweka milisekunde 640, gari limeshatembea mita 5 kabla ripoti haijaondoka. Mkiweka 1,280, karibu mita 11. Kona za kwetu zinamfunika mtu ndani ya mita 10. Na hapo sijahesabu kiasi mnachotaka jirani auzidi mnara wa zamani kwa nguvu, wala muda wa simu kupima, wala muda wa amri kurudi. Kwenye barabara iliyonyooka ya Segera kwenda Chalinze mpangilio wa namna hiyo unafaa kabisa, kwa sababu kule mawimbi hufifia polepole. Kwenye korongo letu hayafifii. Yanakatwa kama kwa panga.

Ndani ya hilohilo kuna jambo lingine. Jirani akiwa kwenye masafa tofauti, tuseme mnara wa chini uko MHz 1800 na wa juu uko MHz 800, simu haimpimi mpaka mnara wake uiruhusu kuchungulia kule, na ruhusa yenyewe ni vipande vya milisekunde 6, kila baada ya milisekunde 40 au 80. Ruhusa hiyo inatolewa mawimbi yakishuka chini ya kiwango mlichokiweka. Mkikiweka kiwango chini mno, simu inaanza kumtafuta jirani wakati mnara wake umeshapotea nyuma ya mwamba. Simu hujaribu kujiokoa kwa kuomba kujiunga upya na mnara wowote inaousikia, lakini mnara huo usipokuwa umeandaliwa kumpokea mteja huyo, unaikataa, na maongezi yanaishia hapo.

Halafu iko orodha ya majirani. Mnara hauwezi kumkabidhi mtu kwa jirani ambaye hayumo kwenye orodha yake. Juu kidogo ya Soni kuna kona ambayo simu inakatika kila tunaposhuka, lakini tukipanda haikatiki hata siku moja. Aliyewahi kukaa kwenye gari la vipimo anaitambua dalili hiyo: mnara wa kwanza unamjua wa pili, wa pili haumjui wa kwanza. Au wanajuana, lakini namba zimegongana. Kila seli ya 4G hujitambulisha hewani kwa namba moja kati ya 504, kwa hiyo nchi nzima lazima namba zirudiwe. Zikirudiwa karibukaribu, mnara unatuma kijiti kwa mtu ambaye siye. Ipi kati ya hizo ndiyo sababu ya kona ile, mhandisi wako anaweza kuijua kwa kufungua kompyuta yake asubuhi moja.

Ndugu Mkurugenzi, ningeweza kuishi na hili kama lingekuwa la maongezi ya kawaida tu. Masika iliyopita, usiku, niliombwa kumshusha mama mjamzito aliyekuwa anavuja damu. Muuguzi alikaa nyuma naye, simu sikioni, daktari wa hospitali ya chini akimwelekeza la kufanya. Kati ya Soni na Mombo simu ilikatika mara nne. Kila mara alipopiga upya ilimbidi aanze kueleza upya, na katika mara moja kati ya hizo daktari alikuwa katikati ya kumtajia kiasi cha dawa. Nilimsikia yule dada akisema kwa sauti ya chini, “Mungu wangu, amesema ngapi?” Sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kupunguza mwendo ili tusiingie kona ya pili haraka, na kupunguza mwendo ndicho kitu ambacho hakikutakiwa usiku ule. Mama yule yupo hai na mtoto wake yupo hai. Kona zile nne zote zimo kwenye daftari la konda wangu, na zimo pia kwenye barua zangu mbili mlizozigonga mhuri.

2. Pesa zinazokatikia njiani

Abiria wengi sasa wanalipa nauli kwa simu, tena wengi kwa menyu ya nyota na reli, maana si kila mtu ana simu ya kisasa. Menyu hiyo kwenye mtandao wako haiendi kwa 4G. Ukiibonyeza, simu inashushwa kwanza kwenye 3G au 2G, naiona alama ikibadilika juu ya kioo. Gari likiwa kwenye mwendo, simu inashushwa kwenye seli ambayo mita mia mbili mbele haitakuwepo tena, na menyu inakatika. Inaweza kukatika kabla ya namba ya siri, hapo hakuna hasara. Inaweza kukatika baada ya namba ya siri, na hapo hakuna anayejua kama pesa imekwenda. Mama mmoja anayenunua karoti alimlipa mkulima mara mbili akiwa kwenye gari langu kwa sababu mara ya kwanza hakupata jibu. Pesa yake ilirudi baada ya kuhangaika na wakala na huduma kwa wateja kwa siku kadhaa. Mtaji wake wote ni wa safari moja ya karoti.

Baada ya hapo simu inabaki chini. Nikishushwa kwenye 2G pale chini ya Soni, nafika Lushoto bado niko 2G, ingawa 4G ipo njia nzima, mpaka nizime na kuwasha.

Wenye simu zinazopitisha sauti kwa 4G nao wana lao. Gari likitoka eneo la 4G, maongezi yanatakiwa yashushwe 3G au 2G bila kukatika, na njia ya kufanya hivyo imo kwenye viwango tangu toleo la 8 la 3GPP. Kwenye mtandao wako, katika barabara hii, hayashushwi.

3. “Namba unayopiga haipatikani kwa sasa”, na simu imewaka mkononi

Hili ndilo lililonipotezea wateja wengi zaidi, na ndilo watu wanalolielewa kidogo zaidi, kwa hiyo naomba nilieleze taratibu.

Simu iliyo mfukoni bila maongezi huhama yenyewe kutoka seli hadi seli, wala haimwulizi mtu. Mtandao haujui iko seli gani. Unajua tu iko katika kundi gani la minara. Simu ikivuka mpaka wa kundi inajiandikisha upya. Isipovuka, inajitaarifu kwa vipindi, na kipindi cha kawaida kwenye viwango vya 4G ni dakika 54. Mtu akikupigia, kundi zima la minara linaita jina lako hewani. Simu yako ikiitika, inalia.

Mpaka wa makundi hayo kwetu umepitishwa palepale Soni, kwenye njiapanda ya Bumbuli, mahali penye stendi, penye soko, ambapo kila gari linasimama. Naujua kwa sababu nikiwa nimeegesha pale, namba ya eneo kwenye programu yangu inabadilika, inarudi, inabadilika tena, na gari halijasogea hata hatua moja. Kila inapobadilika simu inajiandikisha upya. Simu ya mtu ikinijia katikati ya kujiandikisha, mara nyingi inapotea.

Kwa mteja ambaye sauti yake haipiti 4G ni vibaya zaidi. Simu yake imetulia 4G. Mtu akimpigia, mtandao unaishusha simu hiyo 3G au 2G ikapokelee huko. Ikifika huko ikakuta seli inahesabiwa kundi jingine, tofauti na lile ambalo mtambo wa sauti uliliandika kwenye kumbukumbu zake, inabidi ijiandikishe kwanza ndipo ipokee. Mpigaji anasubiri kimya. Na kama kundi hilo liko chini ya mtambo mwingine kabisa, simu inaweza isifike. Ndiyo maana ramani ya makundi ya 4G na ramani ya makundi ya 2G na 3G zinatakiwa zilingane, mpaka juu ya mpaka. Pale Soni hazilingani. Namba ninazozisoma zinanionyesha hivyo kila nikishushwa.

Huku juu tunalima kabichi, karoti, nyanya, mapeasi. Mnunuzi wa Dar es Salaam anapiga simu akiwa Mombo na lori lake: nani ana mzigo, unashuka saa ngapi. Akiambiwa namba haipatikani, hasubiri, anampigia anayefuata kwenye orodha. Mkulima amekaa stendi ya Soni, simu imewaka, mistari imejaa, anaingojea simu ambayo mtandao umeshamjibu mwenzake kwamba yeye hayupo. Jioni anashangaa kwa nini hakupigiwa. Nimewaona wanaolaumiana mpaka urafiki ukavunjika, kila mmoja anadhani mwenzake alizima simu makusudi.

4. Simu kurushwarushwa

Palepale stendi ya Soni, na pia kwenye kona ya kwanza ukitoka Mombo, minara miwili inarushiana simu kama mpira: dakika moja, mara saba au nane. Intaneti inaganda na betri inakwisha kabla ya adhuhuri. Dawa yake inajulikana, nayo lazima ipimwe pamoja na ile ya namba 1, kwa sababu ukimharakisha mtu kuhama kwenye kona unaweza kumfanya arukeruke stendi. Hilo nalikubali ni kazi ya fundi anayejua, na ndiyo sababu nataka fundi aje.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa.

Mtasema ni milima. Milima ya Usambara ilikuwepo mlipokuwa mnapanga minara, na mawimbi ya jirani yapo, yameandikwa kwenye daftari. Mlima ungekuwa umeyafunika yote mawili ningenyamaza.

Mtasema ni simu yangu. Nimejaribu simu tatu za watengenezaji tofauti. Na abiria kumi wakiongea, wanakatika kumi kwenye kona moja.

Mtasema ni umeme. Ni kweli umeme ukikatika mnara unaweza kuzima, hasa masika, na siku hizo nimezitoa kwenye daftari. Nakuandikia kuhusu siku ambazo kila mnara unafanya kazi.

Mtasema mnara mpya uko kwenye mpango, au kwamba maeneo haya yanasubiri Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko huo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2006, una kazi ya kupeleka mawasiliano mahali ambapo biashara haiwavutii makampuni. Mombo na Lushoto si mahali pa namna hiyo. Kuhusu mnara mpya, ukiusimamisha katikati ya minara isiyopokezana umeongeza mipaka, na kila mpaka ni mahali pengine pa kukatikia. Wapangieni majirani kwanza.

Mtasema takwimu zenu ziko ndani ya viwango vya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa mujibu wa Kanuni za Ubora wa Huduma za mwaka 2018. Sibishani nazo. Lakini wastani wa mkoa wa Tanga umejumlisha Tanga mjini, tambarare ya pwani, watu waliokaa maofisini na majumbani. Simu elfu moja zilizopigwa na mtu aliyekaa zinaifunika simu moja iliyokatika ndani ya gari. Nipeni takwimu za barabara hii peke yake, seli kwa seli, waliohamishwa wakafika na waliohamishwa wasifike. Mnazo, kila mnara unazihesabu.

Na wapo wa huduma kwa wateja walioniambia kwamba teknolojia ndiyo ilipofikia. Hilo sikubali hata kidogo. Namna ya minara kupokezana maongezi ina hati miliki ya Marekani ya mwaka 1972, aliyopewa Amos Joel wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, mwaka mmoja kabla ya simu ya mkononi ya kwanza kupigwa hadharani New York. Tangu matoleo ya 8 na 9 ya 3GPP, minara ya 4G ina utaratibu wa kujitengenezea orodha ya majirani, na wa kujirekebisha inapoona watu wanahamishwa wakiwa wamechelewa, mapema mno, au kwa jirani asiye sahihi. Toleo la 16, la mwaka 2020, limeleta njia inayozijibu kona kama zetu moja kwa moja: simu inapewa amri ya kuhama mapema, mawimbi yakiwa bado mazuri, pamoja na sharti lake; sharti likitimia inahama yenyewe, haimsubiri tena mnara wa zamani. Sidai hata hiyo ya mwisho. Nadai ile iliyopo tangu 4G yenyewe ilipoanza.

Ninachoomba ni hiki.

Gari la vipimo lipite Mombo mpaka Lushoto, kupanda na kushuka, mchana na usiku, na simu za vipimo zikae ndani ya gari pale abiria wanapokaa, si antena juu ya paa. Antena ya paa haikatiki tunapokatika sisi. Nimelishuhudia hilo miaka sita.

Baada ya vipimo, orodha za majirani za seli zote zinazoitazama barabara hii zikaguliwe pande zote mbili, na namba zilizorudiwa zitenganishwe. Muda wa kusubiri, na kiwango cha kuanza kutafuta masafa mengine, vibadilishwe kwa seli zinazolitazama korongo tu. Za tambarare ziachwe kama zilivyo. Hii ni kazi ya kompyuta. Haitaki kreni, saruji wala kibali cha ardhi.

Mpaka wa makundi uondolewe njiapanda ya Soni upelekwe mahali pasipo na stendi wala soko, na ramani za 4G, 3G na 2G zilinganishwe.

Sauti ya 4G iweze kushuka bila kukatika, na simu iliyoshushwa iruhusiwe kupanda tena. Menyu ya pesa ikikatika baada ya namba ya siri, mteja apate ujumbe ndani ya muda mfupi unaomwambia pesa imekwenda au haikwenda, ili asirudie kwa kubahatisha.

Na namba ya tatizo isifungwe na ofisi mpaka mteja aliyelalamika akubali kwamba limekwisha.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye cheo cha mhandisi anayehusika na tarehe ya gari la vipimo kufika. Utaratibu unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma wake, nami nimeanza kwako, mara nyingi. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka daftari la konda wangu, nakala za barua zangu na ujumbe wenu wote wa “limeshughulikiwa” kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Sitakwenda peke yangu. Madereva wa njia hii, wanunuzi wa mboga na wauguzi wawili wameniambia wataweka sahihi zao.

Ila ningependa tusifike huko. Gari langu linaanza kupakia stendi ya Mombo saa kumi na mbili asubuhi, kila siku isipokuwa Jumapili. Mhandisi wako aje na kompyuta yake. Kiti cha mbele nitakiacha wazi, nauli sitamtoza, na konda atamwonyesha kila kona kwa kidole kabla hatujaifikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa Noah,
Njia ya Mombo–Lushoto.